Ramani Ilikwishachorwa

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa na ofisi ya mji kule Mbeya, katika miaka ya hamsini, kushika mnyororo wa kupimia ardhi. Nilitoka Kalenga, karibu na Iringa, nikasoma kwa mapadre Tosamaganga mpaka darasa ambalo enzi hizo ukilifikia ulihesabiwa msomi. Hesabu nilizipenda kuliko chakula. Padri aliyetufundisha alinipa barua ya kunisifu, nami nikaisafirisha ndani ya Biblia ili isikunjamane. Bwana mpima, Mzungu aliyekuwa mkuu wangu, aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akanirudishia.

"Unaweza kutembea sana?" akaniuliza.

"Naweza, bwana."

"Basi. Hiyo barua kaiweke nyumbani."

Mnyororo ule ni wa chuma, vipande vimeungwa kwa pete. Mmoja anashika kichwa, mwingine mkia, mnauvuta mpaka unyooke, mnachomeka kigingi, mnasonga mbele. Kazi hiyo haitaki mtu ajue hata kuandika jina lake. Nyuma yetu bwana mpima alisimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, akachungulia, akaandika namba. Mimi ndiye niliyeibeba darubini hiyo begani, kilima hata kilima, kwa miaka yote niliyokaa Mbeya, na katika miaka hiyo sikuruhusiwa kuweka jicho kwenye kioo chake hata mara moja. Siku moja alipokwenda kando kunywa chai niliinama nichungulie. Alinipigia kelele kutoka mbali kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Alisema jicho langu lingeharibu kioo. Jicho!

Basi nikajifunza kwa kuiba. Alipotaja namba kwa sauti ili asizisahau, mimi nilizikariri. Siku za mvua, tulipokaa ofisini, alinipa ramani zake nizinakili kwa wino kwenye kitambaa chembamba cha nta, maana mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko wake. Huko ndiko nilikozielewa kontua, ile mistari inayojipinda kwenye ramani, kila mmoja ukipita mahali penye kimo kimoja. Ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Na ikipinda yote pamoja mfano wa herufi V, moja ndani ya nyingine, jua kwamba hapo pana bonde na maji yatapita. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliitazama mistari hiyo wiki nyingi, kisha siku moja nikatoka nje, nikautazama mlima wa Loleza ulio juu ya mji, nikaona ni ileile mistari imesimama.

Ramani ya mji ilipakwa rangi tatu. Karani mzee wa ofisi aliniambia kwamba zamani waliandika waziwazi: hapa Wazungu, hapa Wahindi, hapa wenyeji. Wakati wangu walikuwa wameanza kuona haya, wakaandika viwanja vikubwa, viwanja vya kati, viwanja vidogo. Haya yenyewe ilikuwa ya wino tu. Viwanja vikubwa vilikuwa juu, penye miti na upepo, na bomba la maji lilianzia kwao. Vidogo vilikuwa chini, ambako kila kilichomwagwa juu kilifika.

Mwaka wangu wa tatu tulitumwa kupima mtaa mpya wa viwanja vidogo. Palikuwa mahali papana, udongo mweusi laini, na bibi mmoja wa Kisafwa alikuwa na shamba lake la maharage katikati. Alituangalia tukichomeka vigingi, akaja mpaka niliposimama.

"Mjukuu wangu, hapa mnataka kufanya nini?"

"Watu watajenga nyumba, bibi."

"Nyumba? Za kulala watu?"

"Ndiyo."

Alinishika mkono, akanionyesha nyumba yake. Ilikuwa juu ya kilima kidogo, mbali na shamba, mwendo wa kumchosha mtu wa umri wake. "Unafikiri napenda kupanda kule kila siku na magoti haya? Hapa tunalima, hatulali. Ule mlima unashusha maji. Siyo kila mwaka. Lakini mwaka ukitaka kushusha, unashusha."

Jioni ileile nilikwenda kuitazama ramani niliyoinakili kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi V zilikuwapo, zimepangana kutoka mlimani mpaka kwenye shamba la bibi. Nilikuwa nimezichora, sikuzisoma. Niliona aibu, nami nikaamua kupata ushahidi. Nilikata vigingi kumi na viwili, nikavitia alama kwa kisu kila upana wa kidole, nikavisimamisha kukatiza ule uwanda. Mvua za Machi zilipoanza, kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kutazama tope limefika alama gani, nikaandika kwenye daftari. Mwaka ule haukuwa wa mvua kubwa, lakini vigingi vinne vya katikati vililowa mpaka juu ya goti.

Nilimpelekea bwana mpima lile daftari. Hakulifungua.

"Kazi yako ni nini hapa?"

"Kushika mnyororo, bwana."

"Je, daftari ni mnyororo?"

Wiki chache baadaye alikuja bwana wa mipango ya miji kutoka Dar es Salaam. Alikaa siku mbili. Siku ya kwanza alipumzisha uchovu wa safari. Ya pili waliitwa wazee wa Kiafrika waliochaguliwa na serikali kuishauri ofisi ya mji, ili watoe maoni juu ya mtaa mpya. Ukutani hapakuwa na msumari wa kutundikia ramani, kwa hiyo niliitwa niishike. Nilisimama mbele ya watu wote nimenyoosha mikono, nimeshika pembe mbili za juu, uso wangu nyuma ya kitambaa, muda wote wa mkutano. Mtu pekee kati ya Waafrika wote mle ndani aliyeweza kuisoma ile ramani ndiye aliyefanywa msumari wake.

Mzee mmoja, mwashi, aliuliza kuhusu maji ya mlima. Karani akatafsiri. Bwana wa mipango akajibu kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliozidi kunichoma. Alisema wazee wako huru kutoa maoni yao, nayo yataandikwa, lakini wafahamu kwamba ramani ilikwishachorwa na kukubaliwa Dar es Salaam.

Kama ilikwishachorwa, wazee wale waliitwa kufanya nini? Swali hilo nililimeza nikiwa nyuma ya kitambaa, nami nimelilaani tumbo langu tangu siku hiyo kwa kulipokea.

Watu walijenga. Kwanza walijenga walioamini serikali, kisha wakajenga wasio na mahali pengine. Miaka miwili ikapita salama, na bwana mpima alinitania kila masika: "Yako wapi maji yako?" Masika ya mwaka wa tatu yakaja. Ilinyesha siku nne mfululizo, na siku ya tano, saa nne asubuhi, maji yakashuka yakiwa na rangi ya udongo wa mlimani, yamebeba magogo. Nilikuwa kazini. Tulikimbia kwenda kule na kukuta matofali mabichi yakiyeyuka kama sukari ndani ya chai. Kuta zililala moja baada ya nyingine bila kishindo kikubwa. Vyoo vya shimo vilifurika, vikachanganyika na kisima ambacho mtaa mzima ulikitegemea, kwa sababu bomba walilochorewa lilikuwa bado ni mstari wa wino.

Ukuta mmoja ulimwangukia mama aliyekuwa amerudi ndani kuchukua mashine yake ya kushonea. Mumewe alikuwa kibarua wa barabara. Tulimtoa tukamlaza juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, tukambeba wanne mpaka hospitali, mimi nikiwa upande wa miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili. Njiani alikuwa anatuomba radhi kwa kutuchosha. Aliishi, lakini hakutembea tena bila gongo, na wiki zilizofuata kuhara kuliwashika watoto wengi wa mtaa ule. Sitaandika wangapi tuliwazika. Nilikuwapo kwenye maziko yao, inatosha.

Ofisi ikafanya uchunguzi. Walitukusanya, wakasoma taarifa: nyumba zilianguka kwa sababu wenyeji hawajui kujenga, matofali yao ni mabovu, na wananchi wahimizwe kujifunza njia bora. Mume wa yule mama alisimama akiizungusha kofia mikononi. Alisema, "Bwana, mimi nilijenga pale mliponionyesha." Akakaa.

Hapo ndipo niliposimama. Sikuwa nimeitwa kusema. Nilitoa daftari langu, nikasoma kigingi kwa kigingi, tarehe na alama. Nilipomaliza, bwana mpima aliuliza swali moja tu.

"Nani alikutuma kupima?"

Hakuuliza kama nilipima sawasawa. Hakuuliza kwa nini hakulifungua daftari nilipomletea. Nani alikutuma! Mwezi haukuisha nikapewa barua ya uhamisho kwenda Iringa, nikafanye kazi ya kunakili ramani, "isiyohusika na upimaji wa aina yoyote."

Iringa nilifikia kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa akiuza viazi sokoni. Nilishuka kwenye lori nimevimba kwa hasira. Aliniangalia usoni, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, baba. Kaa ule kwanza. Hasira haikimbii."

Nilipata kazi ofisi ya mji, meza ya dirishani. Kulikuwa na baraza la wazee kama lile la Mbeya. Wawili kati yao walikuwa majirani wa shangazi: fundi cherehani mmoja, na mzee aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, mpaka alipostaafu. Jumapili moja fundi alinikuta nimekaa nje, akaniita pembeni kwa sauti ya mtu anayeficha ugonjwa.

"Mwanangu, nikuulize jambo. Zile nyuzi kwenye ramani ni nini?"

"Nyuzi gani, mzee?"

"Zile zinazojizungushazungusha. Mwaka wa pili sasa wanatuonyesha, tunatia sahihi kwamba tumeona na tumekubali. Mimi nilidhani ni urembo."

Nilisimama. Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikajikuta nimepiga teke kigoda cha shangazi. Yule hakuwa mtu mjinga. Akikutazama mara moja tu alikukatia koti likakukaa bila kupima mara ya pili. Walimweka barazani wakampa kalamu ya kutilia sahihi, na kwa miaka miwili hakuna hata mtu mmoja katika ofisi nzima, kwa makarani wake wote, aliyetumia nusu saa kumweleza anachokitilia sahihi. Walitaka sahihi. Macho yake hawakuyataka.

"Waite wenzako," nikamwambia. "Jumapili ijayo, mkitoka kanisani."

Walikuja wanne, Walutheri wawili na Wakatoliki wawili, wakakaa kwenye mkeka uani kwa shangazi. Nilianza kuwaeleza kwa maneno ya ofisini, vimo na vipimo, nikawaona wananiitikia kwa adabu tu, kama nilivyomwitikia bwana mpima. Shangazi alikuwa anamenya viazi karibu yetu. Alinisikiliza mpaka akachoka.

"Wewe unawaambia kilima bila kilima," akasema.

Alichukua kiazi kikubwa kilichovimba upande mmoja, akakikata katikati, akakilaza kwenye ubao. Nikaona alichokiona. Nilimwomba kisu, nikakikata kile kiazi vipande vya mlalo, unene wa kidole kila kimoja, kuanzia juu hadi chini. Kipande cha chini nikakiweka kwenye karatasi, nikakizungushia penseli. Cha pili nikakiweka ndani ya alama ya kwanza, nikazungushia. Hivyo mpaka kile kidogo cha kileleni. Nilipoviondoa vyote, karatasini ilibaki mistari inayojizungushazungusha.

Dresa alivua miwani yake. "Kumbe ni kilima kimemenywa!"

"Na huku mistari imebanana," fundi akasema, akivirudisha vipande mahali pake, "ni huku kulikosimama. Huku imeachiana, ni huku kulikolala." Aliweka kidole. "Ukishusha barabara hapa moja kwa moja, ni kama kukata kitambaa kufuata uzi. Kitachanika chote."

Shangazi alimimina maji kidogo kwa kata juu ya kiazi. Tulitazama yalikopita.

Tulikaa hivyo Jumapili saba. Tulipanda mpaka kwenye jiwe la Gangilonga na ramani mkononi, tukautazama mji ulivyokaa juu ya mgongo wake na mto ukipita bondeni, wakanionyesha wao mambo ambayo ramani haikuwa nayo: chemchemi iliyofukiwa, mahali palipozikwa watu wa zamani, njia wanayopita wanawake kwenda kuteka maji. Niliyaandika yote.

Baraza lilipokutana kuangalia ramani ya mtaa mpya, mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya dirishani, mlango wazi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri, msaidizi wa mkuu wa wilaya. Alieleza kwa dakika chache, akasogeza karatasi ya sahihi. Fundi hakuishika kalamu.

"Bwana, naomba kuuliza. Hizi barabara tatu zinakata mistari yote kwa mkupuo, kutoka juu mpaka chini. Mvua mbili zikinyesha zitakuwa makorongo. Kwa nini zisiende kwa kushikana na mistari, zikashuka polepole?"

Mwenyekiti aliivuta ile karatasi ya sahihi ikarudi upande wake.

"Nani amewafundisha maneno haya?" Bwana Shauri akauliza.

"Tumejifunza, bwana," dresa akasema. "Tulidhani ndicho mlichotuitia."

Hawakutia sahihi siku hiyo, wala mwezi uliofuata. Hatimaye ramani ilirudishwa, na ilipokuja tena barabara zilikuwa zimepindishwa kufuata mteremko. Taarifa ya ofisi ilisema mabadiliko hayo yalitokana na uangalifu wa mhandisi. Niliinakili taarifa hiyo kwa mkono wangu. Wazee waliniambia nisijali, muhimu ni barabara. Mimi nilijali. Bado najali. Mtu akikuibia mbuzi huchukua mbuzi mmoja. Akikuibia akili yako akaiita yake, kesho atasema hukuwahi kuwa nayo, na atakuwa na karatasi ya kuthibitisha.

Watu walipoanza kujenga na kuhamia mtaa ule, niliandika ombi la kupelekwa kwenye mafunzo ya upimaji. Jibu lilikuja kwa adabu: mafunzo hutolewa kwa wenye cheti. Nikaandika kuuliza cheti hupatikana wapi. Jibu likaja: cheti hutolewa kwa waliohitimu mafunzo. Nikazisoma barua hizo mbili zikiwa sambamba mezani, sahihi ni ya mtu mmoja. Wakati huohuo magazeti yalikuwa yanaandika kwamba Waafrika hawajawa tayari kuendesha miji yao kwa kuwa wanakosa wataalamu. Walikuwa wamekaa mlangoni, wanatushangaa kwa nini hatuingii.

Siku niliyopata barua ya pili nilirudi nyumbani mapema, nikamsomea shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ile habari ya bomba umeifikisha wapi?" akaniuliza.

"Bomba gani, shangazi?"

"La mtaa mpya. Barabara mmezipinda, vizuri. Bomba la maji wameliweka moja, kule ukingoni, karibu na barabara kuu ili gari la serikali lilione. Nyinyi wanaume mkaona ni sawa. Wewe umewahi kubeba debe?"

Jumapili zote saba alikuwa amekaa uani kwake, kiazi kilikuwa chake, na hakuna mmoja wetu, hata mimi niliyejiona mpigania haki, aliyewaza kwamba barazani hapakuwa na mwanamke. Hasira yangu ilikuwa na macho ya kuona mlango niliofungiwa mimi. Mlango niliomfungia yeye nilikuwa nimeuegemea.

"Mnyororo siwezi kuchukua," nikamwambia. "Nimekatazwa."

"Nani amesema mnyororo?"

Kesho yake asubuhi wanawake kumi na wawili wa mtaa mpya walikuwa wanasubiri uani kwa shangazi, wakiwa na kamba ya katani iliyofungwa fundo kila hatua. Waligawana wawili wawili. Walipima kutoka kila nyumba mpaka kwenye bomba, wakipita njia wanayopita wakiwa na ndoo, siyo ile iliyonyooka ya kwenye karatasi. Mimi nilipewa kuandika. Nilipojaribu kushika kichwa cha kamba, shangazi aliipokonya.

"Wewe unailegeza. Andika."

Niliandika. Ile orodha fundi aliiweka mezani kwa Bwana Shauri pamoja na ramani iliyotiwa alama sehemu mbili ambako bomba likiwekwa hakuna mama atakayepanda mteremko akiwa na debe kichwani. Alitaja pia kwamba waliopima ni wanawake, na kwamba safari nyingine waje wenyewe kueleza. Hilo la kuja wenyewe lilikataliwa palepale. Mabomba mawili yaliahidiwa. Moja lilijengwa baada ya mwaka na nusu, mahali tulipoonyesha. La pili sikuliona mpaka ninaondoka ofisini kwenda kufundisha hesabu shule ya kati karibu na Igowole, na huko shangazi aliniandikia kwa mkono wa jirani kwamba wanawake wameanza kupima tena, safari hii umbali kutoka kila nyumba mpaka zahanati, na kwamba kamba imekatika, nimpelekee nyingine ndefu zaidi.